Memori Ndani ya Pakiti ya Kahawa

Mtu anayedhulumiwa akiambiwa ushahidi wake upo, huruka kwa furaha. Mwesiga hakuruka. Alikaa kwenye kigoda changu, akakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, halafu akasema bila kunitazama, "Mzee Ndyamukama, hiyo sauti si ungeifuta tu?"

Mimi nimestaafu kazi ya josho la ng'ombe. Nimewahi kumwogesha fahali mmoja kule Kyerwa aliyenikonyeza jicho asubuhi nzima, kisha akavuka mpaka kuingia Uganda akiwa na kofia yangu ya serikali kwenye pembe. Kwa hiyo kiumbe anayeficha jambo ninamtambua, awe na pembe au asiwe nazo.

Mwesiga ni mwalimu wa kwaya yetu hapa Ihembe. Wimbo aliotunga kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, tulipousikia mazoezini, uliliza watu, hata wale ambao kikapu cha sadaka kikiwapitia hujifanya wanasali. Lakini Eliud, mwalimu wa kwaya ya ng'ambo ya kilima, akapeleka malalamiko kwa wazee wa kanisa: wimbo ni wake, Mwesiga ameuiba. Mzee Kamugisha, ambaye ndiye mkubwa wa wazee hao, akatamka kwamba Mwesiga athibitishe kabla ya Jumapili, la sivyo aikabidhi kwaya. Na kijana huyu hana kingine. Kahawa yake imekauka kwa mnyauko. Mwondolee kwaya, utabaki na shati zuri lililopigwa pasi.

Ushahidi nilikuwa nao mimi. Nina kinasa sauti, kidogo kama kipande cha sabuni, mwanangu Anastazi aliniletea kutoka Bukoba. Nacho nimenasa mengi, pamoja na chura wa Bweranyange anayekoroma kama mkwe wangu. Mwesiga alikiazima siku za kutunga, maana anasema tuni humjia akiwa anapalilia migomba na hukimbia kabla hajafika nyumbani. Alipokirudisha, nilifanya kama kawaida yangu: nikachomoa memori kadi, nikatia nyingine. Wenzangu memori ikijaa wanafuta. Mimi sifuti kitu. Kila kadi naiweka katikati ya pakiti ya kahawa ya kutafuna, ile ya kufungwa kwa jani kavu la mgomba. Unyevu hauingii, panya hana habari nayo, na mwizi wa kinasa sauti haibi kahawa. Pakiti yenye kadi naifunga mafundo mawili.

"Sifuti," nikamjibu Mwesiga. "Kesho namwita Kamugisha aje asikilize kwa masikio yake."

Akameza mate. Nikayaona yakishuka.

Kesho yake Kamugisha akaja na fimbo yake. Nikaingia chumbani kuteremsha pakiti zangu kutoka ukutani. Ya mafundo mawili haikuwepo.

Nikasimama nikiwapima watu mmoja mmoja. Mwesiga alifika kabla ya Kamugisha, na alikaa peke yake sebuleni. Eliud naye alipita jana jioni eti kunijulia hali, mtu ambaye hata nilipougua mgongo hakuniletea ndizi moja. Nilimfikiria hata Kamugisha. Wazee wa kanisa hawaaminiki kwenye mambo ya kahawa.

"Unapekua nini kama kuku anayetafuta pa kutaga?" mke wangu Evaresta akauliza kutoka jikoni.

"Pakiti ya mafundo mawili!"

"Hiyo? Si nimempa Eliud jana, wakati unamrudisha mbuzi bandani."

"Umempa!"

"Mgeni aondoke mikono mitupu? Kwetu Muleba hatukulelewa hivyo, waitu, jamani. Nikamchagulia iliyofungwa vizuri kuliko zote."

Basi tukapanda bodaboda mbili, Kamugisha ya mbele, mimi na Mwesiga ya nyuma. Njia nzima Mwesiga alinisemesha sikioni. "Tusiende, mzee. Atakuwa ameshaitupa." Mara, "Anaweza kutufungulia mbwa." Hata mteremko wa mwisho aliusingizia utelezi, na mvua haikuwa imenyesha.

Tulipofika Kamugisha akamgeukia. "Kwani wewe hutaki ipatikane?"

"Nataka, mzee."

"Mdomo wako unataka. Shingo yako haitaki."

Eliud alitupokea mlangoni. "Shikamooni wazee," akasema, akimruka Mwesiga kama kiti kitupu. "Mmekuja kunibembeleza?"

"Marahaba. Tumekuja kukusalimu," nikasema, na uongo ule ukanipitia kooni bila shida.

Kwetu hata ukimchukia mtu, akishaingia ndani huwezi kumhoji kabla hajatafuna kahawa. Eliud akaingia chumbani, akarudi na pakiti. Mafundo mawili. Nikisema asifungue, atadhani nimetia kitu humo, na mimi kijijini tayari wapo wanaosema chura wangu si chura wa kawaida. Nikamwacha. Akafungua, akamimina kwenye kisahani, punje nyeusi zikatawanyika. Nikakodoa macho kutafuta kadi, nayo nyeusi vilevile, ndogo kama ukucha. Kabla sijaiona, Kamugisha, ambaye macho yake ni ya kukisia, akachota konzi na kuitupa mdomoni.

Kh!

"Eliud, kahawa yako hii umeikaushia kwenye tanuri la matofali?"

"Tema, Kamugisha! Tema upesi!"

Akatema kiganjani. Kadi ilikuwa pale kati ya maganda, ina alama ya jino pembeni. Eliud akasimama akapiga kelele kwamba tumekuja kumroga nyumbani kwake mchana kweupe. Ilibidi nimweleze yote, Evaresta na mafundo yake, na sauti ya Mwesiga akitunga. Aliposikia hilo alitulia ghafla.

"Alikuwa ananasa? Siku zile za palizi?" akauliza. "Basi iwekwe. Iwekwe sasa hivi!"

"Imelowa mate," Mwesiga akasema. "Itaua kinasa."

Sasa nikashangaa. Mshitaki ana haraka, mshitakiwa anaihurumia mashine. Nikaifuta kadi kwa ncha ya shati, nikaitia kwenye kinasa nilichokuja nacho mfukoni. Kioo kikawaka, na tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya enzi ambazo Mwesiga hajavaa suruali ndefu. Kinasa hiki ukikitoa betri husahau mwaka.

"Tarehe haitufai," Kamugisha akasema. "Tusikilize."

Kwanza jembe, kha, kha. Kisha Mwesiga akiguna tuni, inapinda, anaikata, anakohoa, anaanza upya. Ubeti ulikuja umepinda kama mtoto anayejifunza kutembea, ukaanguka, ukainuka, mwishowe ukanyooka. Kamugisha akatikisa kichwa akikubali. Hakuna mwizi anayeiba na makosa ya mwenye mali. Nikamgeukia Mwesiga nimpongeze, nikamkuta ameinama.

Ndani ya kinasa mtu akapiga hodi. Sauti ya Eliud.

"Unaimba nini wewe huku migombani?"

Mwesiga akamwimbia ubeti.

"Mtamu. Kiitikio kiko wapi?"

"Kimenikataa."

Majani ya migomba yakasikika yakisuguana. Halafu Eliud akaanza kuguna taratibu, akapanda, akashuka, na kiitikio kikatoka kizima, kilekile kilicholiza watu.

"Rudia," Mwesiga akasema kwenye kinasa. "Ndugu yangu, rudia. Nitakutaja mbele ya watu, nakuapia."

Nikazima. Hakuna aliyegusa kahawa.

"Uliapa kumtaja," Kamugisha akasema.

"Watu walilia kwenye kiitikio, mzee," Mwesiga akajibu, macho yamejaa. "Ningewaambia nini? Kwamba pale mnapolia si pangu?"

"Mmesikia?" Eliud akadakia. "Wimbo ni wangu!"

"Nyamaza! Umepanda mgomba mmoja, unadai kibanja kizima." Kamugisha akagonga fimbo sakafuni. "Mwesiga, Jumapili utasimama useme mwenyewe. Ukisema, kwaya unabaki nayo. Beti mtaimba ninyi, kiitikio wataimba wa Eliud. Ukinyamaza, nitasema mimi, na kwaya unaiacha palepale."

Jumapili kanisa lilijaa. Kwaya yetu kulia, ya Eliud kushoto, wakitazamana kama majirani wenye mpaka mbaya. Mwesiga akasimama mbele, na nilivyomjua shingo yake nikadhani atanyamaza. Akanyoosha shati lake lililopigwa pasi, akalinyoosha tena, mpaka wanawake wakaanza kukohoa.

"Pale mlipolia," akasema mwishowe, "ni kwa Eliud."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Akaigeukia kwaya, akainua mikono, wakaimba ubeti wa kwanza, kisha akaishusha. Upande wa pili Eliud hakufanya kitu. Mikono alikuwa ameifunga kifuani. Nikasema moyoni, ndiyo hii, amemngojea hapahapa amwache na wimbo usio na kiitikio mbele ya watu wote.

Mwesiga akamtazama, akasogea kando hatua moja, kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni.

Eliud akafungua mikono, akaiinua.