Zawadi za Mwenye Mizinga

Magige mshona nguo alikuwa na akili ya kutosha kuendesha cherehani, na kwa muda mrefu alidhani akili hiyohiyo ingetosha kumwoa mjane. Alikuwa na kibaraza chake Mwisenge, pale Musoma. Mkewe alikuwa amefariki, watoto walikwenda kuanza maisha yao, na tangu mwaka wa themanini na tatu alimpenda mwanamke mmoja wa upande wa Butiama, jina lake Hyasinta, ambaye wengi walimwita mama Jeska, aliyefuga nyuki. Kumpenda hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni zawadi.

Walikutana kwa sababu ya sukari, au tuseme kwa sababu sukari haikuwepo. Mwaka ule watu wa Musoma walikunywa chai na pipi moja shavuni, na mwenye pipi ya pili alionekana ana ndugu serikalini. Hyasinta alishuka mjini na ndoo ya asali akaimaliza kabla hajapata mahali pa kukaa. Kisha akamfuata Magige na magunia mawili matupu ya mahindi ya njano, akataka ashonewe vazi la kurinia asali, refu, lenye mikono, lisilo na tundu hata la sindano. Magige akampima mabega. Akampima tena, ingawa mabega yalikuwa hayajaenda popote. Vazi lilipokwisha, maandishi ya Kiingereza yalikaa sawasawa mgongoni, yakiutangazia ulimwengu kwamba hii ni zawadi kutoka kwa watu wa Marekani. Magige akakataa malipo. Hakutaka Wamarekani wamzidi.

Kuanzia hapo akawa na shauri moja kichwani: mtu wa nyuki apewe vitu vya nyuki. Si shauri la ajabu. Mvuvi hupewa nyuzi za nyavu, mwalimu hupewa kalamu, na padri hupewa mbuzi, ingawa sababu ya mbuzi sijawahi kuelezwa. Hyasinta mwenyewe hakuulizwa.

Zawadi ya kwanza ilikuwa kofia. Magige alipata kipande cha chandarua kwa muuguzi aliyemshonea sare, akakizungushia kofia ya ukili, akadandia lori la pamba mpaka Butiama. Mjini kwa kina Hyasinta, maana kule boma la mtu huitwa mji, mgeni hamkabidhi mwanamke kitu moja kwa moja. Anamkabidhi mwenye mji. Mume wa Hyasinta alipofariki, mwenye mji akawa mdogo wa marehemu, Makongoro, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu na wake wawili. Makongoro akaipokea kofia kwa mikono miwili.

"Ahsante, fundi. Umetukumbuka. Karibu tena."

Magige akanywa chai yenye asali, akamtazama Hyasinta akipita na kuni, akarudi Musoma na furaha tele. Alihesabu safari ile kuwa imefaulu.

Kwa hiyo akaenda tena. Alipeleka bomba la kufukizia moshi, lililotengenezwa na fundi bati kwa kopo la maziwa ya unga. Alipeleka kisu kirefu cha kukatia masega. Hivi ninavyovitaja haraka havikupatikana haraka. Siku zile dukani kulikuwa na muuzaji, mizani na vumbi, na ili kupata misumari ya mzinga mmoja Magige alimshonea suruali mtunza ghala, na mkewe gauni, na mama mkwe wa mtunza ghala sketi ya kanisani. Mizinga ya masanduku ilichongwa na seremala wa Makoko. Ilipanda lori juu ya marobota ya pamba, na Magige aliikumbatia njia nzima.

Siku moja Hyasinta alipokuwa akimsindikiza barabarani, alisema huku anatazama mbele, "Fundi, nguo zangu hizi zimechakaa."

Magige aliliwaza neno hilo wiki nzima. Safari iliyofuata akampelekea vazi jipya la kurinia, la turubai.

Hyasinta alilitazama lile turubai likienda mikononi mwa Makongoro. Akasema ahsante, akaenda kukamua ng'ombe.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka madirisha ya nchi yalipofunguliwa na bidhaa zikaingia. Bunda ilijaa vitu ambavyo watu walikuwa wamesahau majina yake. Vitambaa vilining'inia kila kibanda, sabuni zilinukia mpaka stendi, mitumba ilimwagwa chini kama mchanga. Magige alizunguka soko lile kutwa akiwa amechanganyikiwa. Akapita vitambaa vyote, yeye fundi cherehani, akaenda kununua gambuti. Zilikuwa nyeusi, mpya, za kuzuia nyuki wasipande miguuni. Namba ilikuwa kubwa kidogo, lakini alijiambia kwamba miguu ya mtu haikataliwi nafasi.

Alipofika nazo Butiama, hapo ndipo alipoona kazi ya mikono yake.

Kwenye mizinga, chini ya miti ya uani, alisimama mtu aliyevaa kofia yenye chandarua, vazi la turubai lililombana tumboni, kisu kiunoni na bomba la moshi mkononi. Nyuma yake Hyasinta alibeba ndoo, amevaa magunia yake ya zamani, yaliyofutika maandishi, kichwa wazi. Mtu wa turubai akafunua uso. Alikuwa Makongoro. Akazipokea gambuti kwa mikono miwili, akaketi, akavaa. Zilimkaa sawasawa.

"Ahsante, fundi," akasema Makongoro. "Na umekuja siku nzuri. Pamba ikishauzwa, nitamwingiza shemeji nyumbani kwangu, awe wa tatu. Zamani alikuwaga mjane wa mizinga ya magogo mabovu, nani angehangaika? Sasa hivi tazama mizinga hiyo. Mali kama hiyo haiachwi ikapotea. Wewe ndiye umetusaidia. Utakuja utushonee nguo za sherehe."

Magige akasema hewala. Hakujua kwa nini alisema hewala. Mdomo ulijisemea wenyewe.

Barabarani Hyasinta alimsindikiza akitazama mbele, mpaka Magige akashindwa kuvumilia.

"Mama Jeska, vile vitu nilikuwa nakuletea wewe."

"Uliletea nyuki. Nyuki ni za mji. Mji ni wa Makongoro. Mimi nilikuwa naonaga tu vinapita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia nguo zangu zimechakaa."

"Nikaleta!"

"Turubai," alisema Hyasinta. Akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuna moshi uliokuwa karibu. "Fundi, mimi ningekuja kwako tangu mwaka juzi. Zaidi ya hapo siruhusiwi kusema. Kaulize kwenu, kuna wanaojua."

Aliyejua alikuwa Esta, dada yake Magige, aliyekaa Kitaji na kuuza dagaa, na ambaye ujanani aliwahi kuolewa upande huohuo wa Butiama akarudi na talaka na elimu. Magige alimsimulia yote. Esta aliendelea kupepeta dagaa mpaka kaka yake alipofika kwenye turubai. Hapo akaweka ungo chini.

"Kaka, wewe unafanyaga kazi gani?"

"Unajua kazi yangu."

"Itaje."

"Nashona nguo."

"Haya. Sasa sikiliza. Kwa watu wale, mjane anabaki mjane mpaka mwenye mji ampe nguo mpya kwa mkono wake, watu wakiona. Akishaivaa, ametoka. Anaolewa anakotaka, ila mali ya mji anaiacha palepale. Na mwenyewe haruhusiwi kuiomba, ni aibu kubwa. Huyo Makongoro miaka yote alikuwa anasema nini?"

Magige akakumbuka. Makongoro alikuwa akisema nguo hakuna madukani. Na ilikuwa kweli. Taifa zima lilikuwa limemsaidia kusema ukweli.

"Na sasa ziko," alisema Esta, "kwa hiyo anaharakisha, kabla mtu hajamuuliza. Unampenda mwanamke anayesubiri kipande cha nguo, na wewe ni fundi nguo, na umempelekea gambuti. Mimi nimechoka, kaka. Niondolee uso wako nimalizie dagaa."

Magige alirudi Mwisenge, akakaa mbele ya cherehani yake, akalia. Hakulia sana, maana wateja walikuwa wanapita, lakini alilia kweli. Alikuwa amewavisha maharusi wa nusu ya mji ule.

Bunda, kwenye kibanda cha vitenge, muuzaji alimuuliza swali dogo.

"Mwenyewe anapenda rangi gani?"

Magige alijua nyuki wa Hyasinta hutulizwa na moshi wa mavi makavu ya ng'ombe kuliko wa maranda. Alijua mzinga upi una nyuki wakali, alijua mwezi ambao miti ya kule hutoa maua. Rangi hakujua. Akasimama pale mpaka muuzaji akaanza kumhudumia mtu mwingine. Mwishowe akachagua kitenge cheusi chenye maua mekundu, kwa sababu alipofumba macho alimwona Hyasinta ndani yake, na hiyo ndiyo sababu pekee aliyokuwa nayo. Akafunga kibaraza, akashona. Hakuhitaji vipimo.

Esta alimpa maagizo mawili. Aende Jumapili baada ya misa, wakati uani kuna watu. Na asiseme nguo ni ya nani.

Jumapili ile uani walikuwepo wake wa Makongoro, majirani, na bibi Mbuke, mama yao Makongoro na marehemu, aliyekaa kwenye kigoda akisaga ugoro. Makongoro alikuwa amevaa mavazi yote ya nyuki, kwa kuwa siku hizi alipokelea nayo wageni. Magige akamkabidhi kifurushi. Makongoro akakifungua, akakunjua gauni, akaligeuza. Kwa mazoea akaliweka kifuani kujipima. Liliishia juu ya tumbo.

"Hii siyo ya nyuki," alisema.

"Siyo," alisema Magige.

"Sasa mimi itanifaa nini?"

Magige akalikumbuka agizo la pili la Esta. Wake wawili wa Makongoro wakatazama gauni, wakajitazama upana wao. Makongoro alikuwa amepokea kwa muda mrefu kiasi cha kusahau kwamba na kutoa kuna maana yake. Akamnyooshea Hyasinta lile gauni.

"Shika, shemeji. Hii itakuwa saizi yako."

Bibi Mbuke akaacha kusaga.

Hyasinta aliweka ndoo chini, akajifuta mikono, akaipokea nguo kwa kupiga goti. "Umenipa wewe, shemeji?"

"Si ndiyo hiyo unashika."

"Kwa mkono wake," alisema bibi Mbuke kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. "Nimeona. Na nyinyi mmeona. Mwanangu aliyelala pale kaburini alikuwa ananiuliza ndotoni kila siku mke wake anatolewa lini. Nenda ukavae, mama."

Hyasinta akaingia ndani. Makongoro alisimama akifikiri, na fikra ilivyozidi kumfikia ndivyo alivyozidi kuteremsha chandarua cha kofia usoni, mpaka hakuonekana tena. Hyasinta alipotoka, majirani walipiga vigelegele. Gauni lilikuwa limemkaa mabegani bila mkunjo. Magige alitazama chini, akaona hata viatu vyake mwenyewe vinapendeza.

"Naaga mizinga," alisema Hyasinta. "Halafu tunaenda."

Alikwenda peke yake, taratibu, kichwa wazi, kama alivyokwenda kila siku kwa miaka yote. Alikuwa hajaugusa hata mzinga wa kwanza. Kitenge kilikuwa kipya, cheusi, kinanuka duka. Nyuki walitoka mara moja. Walimpiga shingoni, shavuni, juu ya jicho, na Hyasinta hakukimbia. Alisimama palepale mikono imening'inia, anawaita kwa sauti ya chini ile aliyowaitia siku zote, na wao wakaendelea.

Magige alivua koti akaenda mbio, akamfunika kichwa, akamvuta mpaka nyuma ya zizi. Naye aliumwa mahali pengi, ila hilo alilijua baadaye.

"Ni rangi," alisema akihema. "Nyuki hawapendi cheusi. Na ile harufu. Nilijua, nikasahau. Nimekosea tena, mama Jeska, nisamehe."

Hyasinta alichomoa mwiba shavuni kwa ukucha. Uso ulikuwa umeanza kuvimba upande mmoja. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha.

"Hukukosea. Ni nzuri. Toka niolewe sijavaa nguo nzuri kama hii." Akatazama kule kwenye mizinga, ambako nyuki walikuwa wanarudi ndani mmoja mmoja. "Ila hawakunijua, fundi. Nimewaita, hawakunijua."

Magige hakuwa na zawadi nyingine ya kumpa. Akamshika mkono, naye akauacha ushikwe.

"Twende," alisema Hyasinta, akikusanya upindo wa gauni lisiguse vumbi. "Twende sasa hivi, kabla sijaivua."