Bi Ghaniya Aenda Nizwa Kukaa Kimya

Tangu mjukuu wake Taghreed alipomwapisha, Bi Ghaniya hakupata kukaa kitako dakika kumi. Alifungua riwaya yake kuukuu isiyo na jalada, akasoma kurasa nne, akaifunga. Akachukua karatasi inayokuja ndani ya dawa ya presha, akasoma madhara yote mpaka chini, akajikuta anayo yote. Akenda jikoni, akafungua friji, akachungulia ndani kama aliyepotelewa na mtu humo, akaifunga. Nyumba yao ya Ibra ina vyumba saba, na adhuhuri haijaadhiniwa alikuwa ameshavizunguka vyote mara tatu.

"Mama, unatafuta nini?" aliuliza mwanawe Marhun.

"Natafuta pa kukaa."

Kiapo chenyewe kilikuwa chepesi kukitamka. Taghreed alikuwa ameshaozwa Hazim, kijana wa Nizwa. Ndoa imefungwa, harusi bado. Ijumaa ile wanawake wa Ibra walialikwa kwa akina Hazim kwa mara ya kwanza, wajuane na wenzao. Ni nyumba ya watu wazito. Ngoma haipigwi, na redio hufunguliwa kwa Kurani na khabari, ikazimwa. Taghreed, aliyezoea kusema kwa upole na wagonjwa wa duka la dawa, alimshika bibi yake mikono miwili.

"Bibi, nakuomba kitu moja tu. Usiimbe. Usicheze. Na mambo ya Unguja usitie. Watu ya Nizwa hawajazoea."

"Nikipiga chafya?"

"Bibi!"

"Nauliza, nijue mpaka uko wapi."

"Sema wallahi."

"Wallahi siimbi, sichezi. Nitakaa kama sanduku."

Taghreed akambusu kichwani, akaenda zake kazini kwa furaha. Bi Ghaniya akabaki na kiapo chake kinamwasha mwilini kama upupu.

Si kwamba hawezi kunyamaza. Aliwahi kunyamaza siku nzima, alipong'olewa meno. Lakini aliondoka Unguja na miaka ishirini na tano, na darasa la sita kichwani, na nyimbo nyingi kuliko nguo, na miaka hamsini na zaidi ameziimba hapa hapa Ibra: akikaanga, akikunja nguo, akingoja maji yachemke. Marehemu mumewe, mtu wa bara hii hii ya Waarabu, alishazoea. Majirani walishazoea. Kilichomkera ni swali moja lililokuwa likimfuata kutoka chumba hadi chumba: huyu mtoto ananionea haya? Na akishahamia Nizwa, akija mgeni, mie nitafichwa wapi?

Ijumaa wakaondoka. Marhun alishika usukani, mkewe Fatma mbele, Bi Ghaniya nyuma na Taghreed. Njia nzima bibi alisoma kwa sauti kila kilichoandikwa: kibao cha Sinaw, bei ya matairi, jina la mwenye duka la mabanda ya mbuzi. Vilipokwisha vya barabarani akachukua chupa ya maji, akasoma chumvi zake moja moja.

"Bibi, kwani huwezi kutulia?"

"Kusoma hukuniapisha."

Fatma alicheka, kisha akakumbuka yeye ni mama wa bi harusi, akakohoa.

Nizwa walipokewa vizuri, la haki lisemwe. Majlisi ya wanawake ilikuwa ndefu, mito ukutani pande zote, udi unafuka, halua ya moto na kahawa. Wakaulizana hali. Wakaulizana hali ya waliowaacha nyumbani. Wakaulizana mvua. Kisha pakawa kimya, na wenyeji hawakuonekana kusumbuka nacho. Walikaa ndani yake kama watu walio kivulini. Bi Ghaniya alihesabu mito. Akahesabu vidole vya miguu yake, akavikuta vinatikisika, akavifunika kwa buibui. Taghreed, hina mpaka viwiko, alimtazama kwa jicho la kushukuru. Hilo jicho ndilo lililomuuma zaidi.

Ndipo bibi yake Hazim, Bi Zuwaina, alipoombwa asome. Ni mwanamke mkavu, mwembamba, wa umri ule ule wa Bi Ghaniya au kumzidi kidogo, amekaa mwisho wa majlisi na fimbo yake. Akafumba macho, akaanza shairi alilolitunga baba yake mwaka falaji yao, mfereji wa mashamba, ilipokauka na mitende ikafa imesimama. Hapana dufu, hapana kofi. Sauti tupu. Kiarabu chenyewe Bi Ghaniya alikipata nusu, lakini sauti aliipata yote. Ilishuka chini kabisa kama ndoo kisimani, ukadhani imekwisha, kisha ikapanda na maji.

Sasa, kuna jambo mtu wa Nizwa halijui, na mtu wa Unguja hajui kama halijulikani. Kwao Bi Ghaniya, ukiguswa na wimbo hukai. Unainuka na noti yako vidoleni, unakwenda taratibu watu wakuone, unamtunza mwimbaji. Anayebaki kitako ama hana moyo ama hana pesa, na yote mawili ni fedheha. Kwa hivyo Bi Ghaniya aliposikia lile shairi linarudi kwenye mitende, mkono wake uliingia kifuani wenyewe, ukatoka na noti ya riali tano iliyokunjwa. Akainuka. Hakucheza, kiapo alikumbuka. Mabega tu ndiyo yaliyokwenda. Akavuka majlisi yote, akaichomeka noti kwenye ukingo wa ushungi wa Bi Zuwaina, akarudi zake mahali pake, roho yake kwatu.

Shairi likakatika.

Kimya cha safari hii hakikuwa kivuli. Shangazi mmoja wa Hazim alimnong'oneza mwenzake, na neno sadaka likasikika mpaka mlangoni. Bi Zuwaina aliichomoa noti, akaitazama huku na huku.

"Hii ya nini?" aliuliza kwa Kiarabu. "Mimi sijaomba."

Taghreed alikuwa mweupe kama karatasi. Bi Ghaniya akaona alilolifanya. Akaeleza kwa Kiarabu chake, kilichojaa Kiswahili kama mchele uliojaa chuwa: si sadaka, Mungu apishe mbali, ni tunzo, kwao aliyekugusa kwa wimbo akibaki bila kitu, ni kama umemtukana.

"Na asiyetunzwa na mtu hufanyaje?"

"Huenda kwake akalia."

Bi Zuwaina akawatazama binti zake na wakwe zake, mmoja mmoja, ukuta hadi ukuta.

"Miaka arubaini nawasomea hawa," alisema. "Hakuna aliyeinuka hata kunipa tende."

Mmoja alicheka, akaziba mdomo. Bi Zuwaina akaikunja ile noti, akaitia mfukoni, akamwelekezea Bi Ghaniya fimbo. "Na wewe je, unaimba?"

Wenye kumjua Bi Ghaniya wanasema hapajakuwa na swali alilochelewa kulijibu ila hilo. Taghreed ndiye aliyewahi, akimwita Bi Zuwaina kwa neno lao la bibi.

"Bibi yangu amechoka, habouba. Safari ndefu."

Bi Ghaniya akamtazama mjukuu wake. Kisha akaweka mikono chini ya mapaja, kama watoto wanavyofundishwa kwenye chuo cha Kurani.

"Kweli," alisema. "Nimechoka."

Uongo ameusema mwingi katika umri wake, na mwingi ulimfurahisha. Huu ulikuwa wa kwanza kukosa ladha. Kahawa ikapita tena. Alikunywa vikombe vitatu, na cha nne akasahau kukitikisa kuonyesha ametosheka, yule msichana wa kahawa akaendelea kummiminia, naye akaendelea kunywa. Aliwaza: jibu nimelipata. Nitafichwa jikoni, na friji.

"Hajachoka," alisema Taghreed.

Alisema taratibu, lakini majlisi ile ukinong'ona husikika. Alikuwa akiitazama hina ya mikono yake.

"Hajachoka, habouba. Mimi nilimkataza. Nilimwapisha asiimbe, asicheze, asiseme mambo ya kwao. Niliogopa mtamcheka, kisha mnicheke na mimi."

Fatma akaita "Taghreed!" kwa sauti ya mama aliyeona sahani inaanguka. Shangazi aliyetaja sadaka akainamisha macho. Bi Zuwaina aligonga fimbo chini mara moja.

"Aliyenilipa nimcheke kwa lipi? Kiapo kina kafara yake. Mwenye kuvunja alishe maskini kumi."

"Nitawalisha," alisema Bi Ghaniya, upesi mno. "Kwa pilau." Kisha akamgeukia mjukuu wake, akasema kwa Kiswahili, pole pole: "Lakini sivunji mpaka aliyeniapisha aniambie. Mbele ya watu ya Nizwa."

Taghreed aliinua uso. Macho yake yalikuwa na maji, na mdomo ulikuwa umeshaanza kucheka.

"Imba, Bibi. Lakini moja tu."

Bi Ghaniya akainuka. Wiki nzima nyimbo zilikuwa zikimpigania kooni, sasa zote zikataka kutoka mlango mmoja. Akauchagua ule wa mke aliyemtilia mumewe chai, mume asirudi:

*Chai nimekutilia, na hiliki nimeweka,*

Sauti yake ilikuwa inakwaruza, lakini ilikuwa yake. Wanawake wakasogea mbele kwenye mito. Akavuta pumzi ya kifungu cha pili, na kifungu cha pili hakikuwepo. Akarudia cha kwanza. Akakirudia tena, akizungusha mkono hewani kama mwenye kuvuta uzi, na chai ile ikawa imetiliwa mara tatu na haijanywewa. Miaka hamsini na zaidi ameuimba akikaanga, na leo umemkimbia.

*Imepoa nangojea, nini kilichokushika?*

Ilitoka upande wa bi harusi. Ilikuwa sauti nene, pembeni kabisa ya wimbo, sauti ya marehemu babu yake, ambaye hata kuadhini alikuwa akiombwa awaachie wenziwe. Bi harusi haimbi, hata Unguja. Fatma alijifunika uso kwa mtandio. Taghreed alikuwa amefumba macho na anaendelea, kifungu cha tatu, cha nne, kila neno mahali pake na kila sauti mahali pengine, na mwisho wa majlisi fimbo ya Bi Zuwaina ilikuwa ikigonga zulia.

Bi Ghaniya akatia mkono kifuani. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Hamna kitu. Akamwinamia mkwewe, akamvuta mtandio.

"Fatma, lete noti. Upesi, kabla mtoto hajanyamaza."