Mgeni wa Pipa la Tende

Kila siku ilipokwisha sala ya alasiri, Mselem alipanda pikapu nyeupe, akalizunguka taratibu shamba la tajiri wake lililokuwa nje ya Riyadh, upande wa Thumama, akasimama penye mgunga uliokuwa peke yake bondeni. Hapo palikuwa na pipa la chuma lililofungwa kwa mnyororo kwenye shina la mti, limetobolewa tundu la kupitisha mkono. Alilijaza tende zilizopondwa, pamoja na keki na donati zilizolala, ambazo dereva alizikusanya kwenye mikahawa ya Olaya. Mafuta yaliyokwisha kukaangia viazi aliyamwaga chini kulizunguka pipa, ili mnyama ayakanyage aondoke nayo, na kila apitapo aache harufu ya kuwaita wenzake. Mwisho aliwasha jiko dogo la gesi, akachemsha asali mpaka ikaungua, na moshi wake ukafuata upepo.

Kazi hiyo alifundishwa na tajiri mwenyewe, Usama, aliyekwenda nchi za baridi kuwinda dubu akarudi mikono mitupu. Sasa alitaka dubu wake ampatie nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba Riyadh haina dubu. Watu wa shambani walikwishajua kwamba anachokitaka tajiri hufika, hata kama kitachelewa kidogo.

"Saa ile ile, ammi Mselem," Usama alimwambia. "Gari lile lile, sauti ile ile, harufu ile ile. Dubu humzoea anayemlisha. Akishakuzoea atakuja jua lingali juu, na mimi nitakuwa juu ya dungu na bunduki yangu. Halas."

"Na ikama yangu, bosi?"

"Dubu kwanza. Siku atakayoanguka dubu, siku hiyo hiyo naihuisha ikama yako na ya mkeo."

Ikama ya Mselem, kile kibali cha kuishi nchini, ilikuwa imekufa tangu Ramadhani. Alikuwa ameletwa Jeddah kutoka Unguja mwaka wa mapinduzi, akiwa mapajani mwa mama yake, hajaanza kutembea. Alikulia Kandara, mtaa wa vyumba vya bei nafuu karibu na kituo cha zamani cha mabasi. Mchana alibeba mizigo, jioni alikwenda darasani, mpaka akaweza kusoma gazeti la Kiarabu kutoka ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya misiba. Wazazi wake amewazika huko huko. Lakini kila mwaka ilibidi awepo mwenyeji, kafili, wa kusema kwamba mtu huyu ni wangu, na wenyeji nao wanakufa. Usama alimrithi Mselem kutoka kwa baba yake, pamoja na shamba hili na nyumba moja ya Rawdha, Jeddah.

Mkewe, Mwatima, aliyebaki Kandara, alikuwa na presha ya macho. Daktari alikwishamweleza kwamba kinachopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa upasuaji, na upasuaji wenyewe si mkubwa. Tatizo lilikuwa kwenye dirisha la mapokezi, hospitali ilitaka ikama iliyo hai. Kila jioni Mselem alimpigia simu.

"Leo umeona nini, Mama Huda?"

"Leo jirani alikuja. Nimemwona mpaka kifuani."

"Na uso?"

"Uso sikupewa leo."

Getini alikaa Bonface, mlinzi kutoka Kenya, ambaye alipenda kumtania.

"Mzee, huyo dubu wako atakuja na nini? Ama atashuka airport na visa?"

"Atakuja kwa miguu yake."

"Sawa basi. Akipita kwa hii geti yangu namuuliza ikama. Akisema mafi, hakuna, namrudisha."

"Mrudishe wewe. Mimi nitakuwa nyuma yako, mbali kidogo."

Sasa Mselem alikuwa na jambo moja ambalo Usama hakumfundisha. Alilelewa na mama ambaye hakupata kuweka sahani mbele ya mtu akanyamaza. Kwa hiyo kila alipomimina tende ndani ya pipa, alilielekea bonde tupu akasema, "Karibu. Karibu ule, usione haya, hapa ni kwenu." Kwa kuwa nchi ni ya Waarabu, alirudia na kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu anayeita wageni ukumbini. Hakuhesabu kwamba hiyo ni sehemu ya kazi. Ulimi wake ulikuwa na adabu zake, basi.

Kwanza walikuja mbweha. Halafu akaja ngamia wa jirani, akalamba mafuta akaenda zake. Ijumaa moja, kivuli cha mgunga kilipoanza kurefuka, dubu alitokea upande wa vilima vya mchanga. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya kahawia, na mgongoni alikuwa na theluji isiyoyeyuka. Hakulikaribia pipa. Alisimama mbali kidogo, akatazama pembeni, kama afanyavyo mtu aliyefika kwa watu wakati wa chakula.

"Karibu," Mselem akasema.

Hapo dubu akaja. Alijifuta nyayo mchangani, akaketi, akaingiza mkono kwenye tundu. Alikula kwa mkono wa kulia tu. Mselem alipiga simu Riyadh, na Usama akaja siku iliyofuata na bunduki ndani ya mfuko wa ngozi.

Alikaa juu ya dungu tangu adhuhuri. Mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Gari lilikuja saa ile ile, asali ikaungua, moshi ukaenda, na dubu akatokea vilimani na theluji yake. Mselem akamimina tende, akalitazama bonde, akasema maneno yake kwa lugha zote mbili. Dubu akaketi akaanza kula. Kutoka juu haukusikika mlio wowote. Baada ya muda Usama aliuliza, polepole, "Ya Mselem, umemwambia nini?"

"Nimemkaribisha, bosi."

"Nyumbani kwa nani?"

"Shamba ni lako. Nimemkaribisha kwako."

"Tangu lini unamkaribisha?"

"Tangu tulipofunga pipa."

Usama alizitoa risasi moja moja, akazitia mfukoni. Akashuka kwa ngazi. Hakugombana.

"Umeniharibia, ammi. Amealikwa kwa jina langu na amekula tende zangu. Nikimpiga, watu watasema mtoto wa fulani alimuua mgeni wake na chakula kikiwa mdomoni. Na baba yangu hatanyamaza huko aliko."

"Sikukusudia."

"Najua. Nyinyi watu wa Zanzibar mna maneno mengi mno mezani."

Alimwita Bonface alete dele la kahawa. Akammiminia mgeni. Dubu alikishika kikombe kwa ncha za makucha, akanywa, akanyoosha aongezewe, akanywa tena, na alipotosheka akakitikisa kidogo kama watu wa nchi hiyo wanavyofanya. Usama akakipokea.

"Na ikama yangu, bosi?" Mselem aliuliza.

"Tulisema dubu aanguke. Ameanguka?"

"Hajaanguka."

"Basi."

Mgeni akipita siku za ugeni lazima awe na karatasi, na Usama hakutaka matata na serikali. Walimpakia dubu nyuma ya pikapu mpaka ofisi ya uhamiaji mjini Riyadh, Mselem akiwa pamoja naye ili asione ugeni. Walichukua namba, wakakaa. Mama mmoja alisogeza mkoba wake ili dubu apate nafasi ya kukaa vizuri.

Karani alikuwa kijana aliyeitwa Anas, mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri.

"Aliingia kwa mlango gani? Bandari, uwanja wa ndege, au barabara?"

"Alitokea mchangani," Usama alisema.

Anas alitafuta kwenye kompyuta yake. "Hakuna mahali alipoingilia. Asiyeingia popote hakuingia. Na ambaye hakuingia alikuwepo tangu mwanzo. Huyu ni mwenyeji."

Dubu alipigwa picha, akaombwa asitabasamu, na kitambulisho kikatoka wakingali wamekaa. Anas aliwapongeza. Kisha, kwa kuwa Mselem naye alikuwa amesimama pale, aliangalia na jina lake.

"Na wewe, mzee, uliingia kwa bandari ya Jeddah, mapajani mwa mama yako."

"Nilikuwa sijaanza kutembea."

"Lakini uliingia," Anas akasema kwa upole, akamsogezea maji ya chupa.

Tangu hapo Usama alipoteza hamu na dubu. Mnyama mwenye kitambulisho hawindwi. Alianza kupanga safari nyingine, ya kwenda kwenye milima ya theluji, na kabla ya kuondoka alimwita Mselem.

"Sasa huyu ni mwananchi, na mwananchi anahitaji mtu wa kumhudumia. Harufu yako ameizoea. Nakuhamishia kwake. Mtakaa ile nyumba ya baba, Rawdha. Yalla, Mungu akuwekee wepesi."

Dubu aliweka kidole kwenye mashine ya alama za vidole, mashine ikalia mlio wa kukubali, na Mselem akawa mtu wake. Ikama ikafufuka. Bonface aliwafungulia geti siku walipoondoka kwenda Jeddah.

"Mzee, mwambie bosi wako kama kuna nafasi ya mlinzi, mimi niko. Huyu angalau akikasirika unajua."

"Nitamwambia akishiba."

"Usingoje ashibe sana. Wakishiba wanasahau watu."

Njiani Mselem alimpigia simu mkewe. Kutoka Rawdha mpaka Kandara ni teksi moja, na sauti yake ilikuwa nyepesi.

"Mama Huda, nimepata kafili."

"Alhamdulillahi. Nani?"

"Dubu."

"Dubu wa ukoo gani?"

"Dubu mwenyewe, wa mchangani. Wa manyoya."

Mwatima alifikiri kidogo. "Tabia yake?"

"Mpole. Anakula kwa mkono wa kulia, na hagombi."

"Basi mwambie na mimi aniandike, upesi. Leo asubuhi nimeitafuta birika kwa mikono."

Nyumba ya Rawdha ilikuwa na bustani ya majani yaliyokatwa, na majirani walioagiza chakula kila jioni. Dubu alichukua ukumbi wa chini wa kupokelea wageni. Mselem alimlisha kama alivyozoea, saa ile ile, sauti ile ile. Ili karatasi ya Mwatima itoke, ilibidi kwanza ya Mselem ikae kwenye kompyuta muda fulani, na Mselem alingoja kwa moyo mkunjufu, akimwongezea kafili wake tende, asali, na samaki wa Bahari ya Shamu, kwa shukrani. Dubu alinenepa. Manyoya yake yaling'aa. Kope zake zikawa nzito. Siku ujumbe ulipoingia kwenye simu kwamba sasa kafili anaweza kumwandika mke, Mselem alishuka mbio mpaka ukumbini akamkuta amejikunja juu ya zulia, pua chini ya mkono, amelala usingizi wa msimu mzima.

Alijua papo hapo kosa lake. Alimlisha kama mgeni, na dubu aliyelishwa hivyo hufanya lile ambalo dubu hufanya akinenepa, hulala.

Alimwinua mkono akaweka kidole chake kwenye kioo cha simu. Simu ikaandika kwamba safari hii kidole hakitoshi. Ilitaka kafili atazame kamera, macho yote mawili yawe wazi. Mselem alizima kiyoyozi, akafungua madirisha, joto la Jeddah likaingia. Ukumbi haukupata joto. Baridi haikuwa ya kiyoyozi, ilikuwa ya dubu. Theluji ya mgongoni iliendelea kukaa.

Alimpigia Anas.

"Mwamshe," Anas alisema.

"Hawaamshwi hawa. Wakati wao ukifika huamka wenyewe."

"Basi ngoja."

"Mke wangu hana muda wa kungoja. Ataamka lini?"

"Hilo ni la kafili wako, mzee. Sisi hatuwaingilii makafili."

Usama alipokea simu akiwa mahali penye upepo mwingi. "Ammi, mimi sasa si kitu kwako. Bosi wako ni yeye. Msalimie."

Mselem alikata simu akakaa juu ya zulia. Hakushangaa. Katika makafili wote aliopata kuwa nao, hakuna ambaye hakulala siku aliyohitajiwa. Huyu angalau alilala kwa maumbile yake, na hakufunga mlango.

Kila alasiri alikuja akamwita, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Dubu alipumua polepole, na kila pumzi ilitoka na harufu ya asali iliyoungua. Kule Kandara Mwatima alipoteza mlango, kisha dirisha, kisha mkono wake mwenyewe ukiwa umbali wa kuunyoosha. Hakulia. Jioni moja alisema, "Nipeleke nikamwone kafili wako. Wasije wakasema tulikuwa na mtu na mimi sikumjulia hali."

Alimpeleka kwa teksi akiwa amevaa buibui lake jema. Alimwongoza kwa bega mpaka ukumbini, akamkalisha chini kando ya dubu. Mwatima alipapasa, akafika kwenye manyoya, akauacha mkono wake hapo, ukawa unapanda na kushuka kwa pumzi za yule mnyama.

"Ana joto," akasema. "Kumbe baridi yote iko nje yake. Rangi gani?"

"Kahawia. Na mgongoni mweupe, kwa theluji."

Mwatima aligeuza uso, akautuliza kwenye ukuta uliokuwa upande wa pili, akatabasamu.

"Weupe nauona," akasema.

Mselem hakumsahihisha. Alileta shuka akamfunika mabega, kwa sababu chumba kilikuwa na baridi. Kisha akakaa upande wa kichwa cha dubu, akaishika simu kwa mikono miwili, kamera ikiwa imeyaelekea macho yaliyofumbwa.