Kila Mtu Amtetee Mwenzake

Wapangaji wangu, mtu na mkewe, wameniachia mimi kisanduku chao cha akiba. Mume ni fundi rangi, mke ni fundi cherehani. Mume anasema kikikaa kwao mke atakifungua. Mke anasema kikikaa kwao kinajifungua chenyewe kila pikipiki ya mumewe inapokohoa. Basi kinakaa kwangu, chini ya kitanda, na ufunguo nauvaa shingoni.

Pikipiki yenyewe haibebi abiria wala mzigo. Hata kazini haiendi. Fundi Rangi anakwenda kazini kwa miguu, ndoo mkononi, maana vumbi la huko litaichafua. Wiki nzima inalala ukumbini imefunikwa shuka, na shuka lenyewe, mke alishaniambia, ni zuri kuliko la kitandani kwao. Siku ya mapumziko anaifuta, anaizungusha barabarani, anairudisha, anaifuta tena. Mke anaiita mke mwenza.

"Mama, mke mwenza leo ameoga mara mbili," ananiambia akipita na beseni la nguo. "Mimi bado nasubiri maji."

Jumamosi moja wakaja wote wawili, wamevaa kama watu wanaokwenda kupigwa picha. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kusali. Nikawapa viti.

Mume alitaka ekzosi mpya, bomba la moshi la pikipiki. Mke alitaka mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo zisichomoke nyuzi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amemwahidi kazi ya kushona sare za darasa la kwanza zote, lakini hampi mtu asiye na mashine hiyo, na jibu alilitaka Jumatatu. Kilichokuwa kisandukuni kilitosha kitu kimoja tu.

"Sheria mnaijua," nikasema.

Sheria hiyo ni yangu na marehemu mume wangu, Mungu amweke pema. Nyumbani kwetu hakuna aliyejitetea. Kila mmoja alimtetea mwenzake, na aliyetetewa vizuri zaidi ndiye aliyepata. Yeye aliwahi kunitetea hadi nikapata kabati, kisha akakaa muda mrefu na viatu vilivyotoboka, anacheka peke yake.

Fundi Rangi akakohoa, akaanza.

"Mama, mke wangu anahitaji ile mashine kwa sababu... ni nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Ni mpya. Inang'aa. Halafu ina sauti tamu."

Mke akatazama dari. "Mume wangu, hiyo ni ovaloki au ni ekzosi?"

"Na ina nyuzi nyingi!" akaongeza haraka haraka, kama mwanafunzi aliyekumbuka jibu kengele ikilia.

Nikamgeukia mke. Angeweza kuharibu makusudi, na kazi ya sare ingekuwa yake. Lakini huyu binti anamwogopa Mungu, uongo haumpiti kooni.

"Mama," akasema, "wiki nzima mume wangu anapaka nyumba za watu. Wenye nyumba wanamfokea, hapa hapajakolea, pale pamedondoka. Anarudi na rangi hadi kwenye kope, haongei. Akishapanda ile pikipiki yake, anarudi mtu mwingine. Ananiuliza habari zangu. Anapiga mluzi huku ananimenyea vitunguu. Sasa ekzosi imefungwa kwa waya, na polisi wa barabarani wamemwambia wakiisikia tena wanaichukua. Wakiichukua, mluzi sijui nitausikia wapi."

Fundi Rangi akainamisha kichwa. Mimi nikavua ufunguo. Sheria ni sheria, ekzosi ilikuwa imeshinda. Mke akakunja mikono mapajani. Hapo ndipo nilipokiona kidole chake kimoja kimefungwa kitambaa.

"Kabla sijafungua," nikamwambia mume, "kile kidole kina nini?"

"Alijichoma sindano."

"Akifanya nini?"

Akakitazama kile kidole kama anakiona leo.

"Anazungushia kingo kwa mkono," akasema polepole. "Nguo moja moja. Mama, naomba nianze upya."

"Haya, anza."

Safari hii habari ya kung'aa hakuigusa. Alieleza gauni lililorudishwa limefumuka ubavuni, mkewe akalishona tena bure huku anaomba radhi. Alieleza mkewe anavyobeba furushi kichwani hadi kwa fundi mwenye ovaloki, akifika anawekwa kwenye benchi mpaka wateja wa mwenzake waishe.

"Siku zote nilikuwa naona, Mama," akamalizia. "Nikadhani anapenda kutembea."

"Kutembea!" Mke akacheka hadi machozi yakamtoka. "Na furushi kichwani! Jamani, huyu mwanamume!"

Nikafungua kisanduku, nikampa mke pesa. Mume mwenyewe alikuwa ameshaitikia kwa kichwa kabla sijainua mkono.

"Ekzosi tutainunua kwa malipo ya sare," mke akasema, akifunga noti kwenye pindo la khanga. "Mpaka hapo mke mwenza hatoki nje. Ila nina sharti, mume wangu. Ikipona, unifundishe kuiendesha."

"Nani aiendeshe?"

"Mimi."

"Ile?"

"Ile ile. Tumekaa nyumba moja muda mrefu, tufahamiane."

"Mama!" akaniita, kama mtu anayezama. "Mama, mwambie!"

"Mimi simwambii mtu," nikasema, nikiurudisha ufunguo shingoni. "Kaa chini, baba. Mtetee mkeo."

Akakaa. Akajifuta jasho. Akautazama mlango, akamtazama mkewe, akanitazama mimi, nami sikupepesa macho.

"Mke wangu," akaanza, "ana mikono iliyotulia..."

"Enhe," akasema mke, akisogeza kiti karibu. "Endelea."