Alama Nne za Uhai

Mhusika wa mdogo wangu alizaliwa na alama nne za uhai. Wangu alizaliwa na kumi na nne. Siku ile ya kwanza ya mchezo wetu wa mezani, rafiki yangu Muuguzi alizitazama karatasi zetu mbili, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu akipigiwa chafya tu, tunazika."

Tulikuwa watu wanne, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, tukiizunguka meza ya Fundi Viatu katika harufu ya gundi na ngozi. Fundi ndiye aliyesimulia. Sisi tulisema watu wetu wanafanya nini, na dado ikaamua. Muuguzi alikuwa mwizi, kwa kuwa wiki nzima, alisema, amechoka kuwa mwaminifu. Mimi, mchomelea vyuma, nilichagua upanga. Mdogo wangu alichagua uchawi.

Mchawi mchanga ni mtihani. Ana uchawi mmoja kwa siku, na ukishatumika amebaki na fimbo. Jumapili ya pili mdogo wangu aliutumia kumlaza usingizi punda, naye alikuwa punda wetu, amebeba maji yetu. Muuguzi alicheka mpaka akashika mbavu. "Shoga, huyu ndugu yako ni mzigo."

"Ni mzigo wangu," nikamjibu.

Nikambeba kweli. Mwaka mzima nilitangulia mimi kwenye kila mlango, yeye nyuma yangu na fimbo yake. Fundi alikuwa na daftari: anayempiga adui pigo la mwisho huandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Ukurasa kwa ukurasa lilikuwa jina langu. Nilizipenda kurasa zile kuliko nilivyokubali kusema. Nimechomelea mageti nusu ya mtaa huu, na hakuna hata moja lenye jina langu.

Mdogo wangu hakulalamika. Kila tulipopanda ngazi ya mchezo, aliongeza maneno mapya katika kidaftari chake, akayasoma akiwa kwenye foleni, akayasoma akila. Tulipofika ngazi ya tisa, mwaka wa tatu, majambazi kumi na mmoja walituzuia darajani. Nilimwangusha mmoja, nikageuka kwa maringo kuona kama nimetazamwa. Kumi waliobaki walikuwa majivu. Upanga wangu ulikuwa umekua kama ukucha unavyokua. Uchawi wake ulikuwa umeshika kama moto wa nyasi kavu.

Jumapili nne zilipita bila mimi kuandika jina langu. Niliona wivu, nasema wazi. Nilimwonea wivu mtoto niliyemfunga kamba za viatu.

Ndivyo tulivyofika kwa Mfalme wa Mawe.

"Dada, ningoje," mdogo wangu alisema. "Maneno ya kumvunja huyu ni ya mizunguko mitatu. Nikiguswa katikati, yamepotea."

"Wewe soma. Mimi nafanya kazi."

Nikamvamia peke yangu mlangoni pake. Upanga ulimkwaruza tu. Naye alinipiga mara moja, mara ya pili, na Fundi akawa anafuta tarakimu kwenye karatasi yangu, anaandika, anafuta tena. Alipomaliza aliishika kwa vidole viwili, kama anavyoshika karatasi ya anayekufa kabla ya kuichana. Miaka mitatu yangu ilikuwa inaning'inia pale.

"Alama nne," akasema.

Safari hii Muuguzi hakucheka.

"Unaweza kukimbia," Fundi aliendelea. "Lakini ukiondoka mlangoni, atamfikia mchawi."

Mdogo wangu alikuwa ameshafunga kidaftari chake. "Kimbia, dada. Mimi nitatengeneza mwingine, nitaanza upya."

Alisema bila kutetemeka. Nne! Mwaka mzima alikuja kwenye meza hii na nne, na tano, na sita, pigo moja tu mbele ya kuchanwa, na kila Jumapili alikuwa wa kwanza kuketi. Mimi sikuwa nimekaa na nne hata dakika mbili.

"Fungua kidaftari chako," nikasema. "Mlango una mwenyewe."

Akatamka neno la kwanza. Dado ya Fundi ikaviringika, ngumi ya jiwe ikaigonga ngao yangu. Neno la pili: ngumi ikanikosa kwa alama moja, na Muuguzi akanishika mkono. La tatu lilikuwa refu. Mdogo wangu alilisoma polepole, kidole chini ya mstari, vile vile nilivyomfundisha jikoni kwetu kabla hajaanza shule. Sikumharakisha.

Fundi aliweka dado chini. "Kokoto," akasema. "Mfalme mzima amekuwa kokoto."

Muuguzi alipiga kelele. Daftari likasukumwa katikati ya meza, na mdogo wangu akalisogeza kwangu.

"Andika, dada. Wewe ndiye uliyesimama."

Nilichukua kalamu. Mikono yangu imezoea moto, si wino, nami nilitaka herufi zitoke zimenyooka. Nikaanza kuandika jina lake. Chini yake nikaendelea na alama zake nne, na Jumapili zote alizokuja nazo.

Akachungulia. "Dada, hiyo sasa ni mistari mitatu."

"Nyamaza," nikamwambia. "Sijamaliza."