Mto wa Majani ya Mgomba

Kwachu, kwachu. Jogoo hajawika bado, Bibi Sekela akasikia mto wa mjukuu wake ukilia, kama mtu anayejigeuza juu ya majani makavu. Akawasha koroboi. Atupele, mtoto wa miaka saba, alikuwa amelala chali, macho wazi, hajasogeza hata kidole.

"Ni mume wetu," mtoto alisema. "Anatafuta pa kulala."

Bibi alijaribu kucheka. Tangu Atupele azaliwe, babu yake Asajile alimwita mke mdogo, na Sekela akamwita mke mwenzangu. Ndio uliokuwa utani wao. Lakini Asajile alikuwa na mwaka wa pili sasa chini ya migomba, nyuma ya nyumba yao hapo Lupepo.

"Mwambie atulie, mke mwenzangu. Unaumwa."

"Nimemwambia. Anakohoa tu."

Aliyekohoa alikuwa Atupele. Alikuwa na kansa ya damu, na dawa zilizoiponda kansa hiyo zilimwacha hana nguvu ya kupigana hata na mafua. Aliporuhusiwa kupumzika nyumbani, Bibi alimshonea mto, akaujaza majani ya mgomba uliosimama kaburini kwa babu yake, ili mtoto alale karibu na aliyempenda. Mvua za Rungwe hazikuyaacha majani yakauke sawasawa.

Kulipokucha homa ilikuwa kali. Wakarudi hospitali, na mto wakaenda nao, maana mtoto alikataa kuuacha.

Daktari Ambindwile aliitazama sana picha ya kifua. "Kuna kuvu kwenye pafu," alisema. "Kama ile inayoota kwenye mkate, ila hii inamea ndani ya mtoto. Bibi, analalia nini?"

Sekela aliubana mto chini ya kanga. Akisema, wataona ndiye aliyemdhuru mjukuu wake. Akinyamaza, atamzika. Akautoa.

"Hukujua, mama," daktari alisema taratibu. "Kusema kwako kutamsaidia. Peleka nje, mbali na madirisha, ukauchome."

Nyuma ya jiko la hospitali alikata mshono. Vumbi la kijani likapanda, likasimama hewani bila kupeperuka, lenye umbo la mzee aliyeinama kufunga kamba ya kiatu. Sekela alilijua bega lile. Akawasha kiberiti, akautia mto moto.

Dawa ya kuvu haikupatikana Tukuyu wala Mbeya. Husseni, muuza vitenge wa mjini, ambaye tangu serikali iruhusu biashara huria alikuwa akifuata mzigo Dar es Salaam, ndiye aliyeileta. Aliipakata njia nzima ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, akibadilisha barafu kila basi liliposimama. Mzigo wake ulibaki Dar.

"Ndaga, baba," Sekela alimshukuru. "Na vitenge vyako?"

"Kitenge hakiozi, Bibi."

Sista Prisca aliifunika dripu kwa kitambaa cheusi, kwani mwanga huiharibu dawa hiyo. Ikaning'inia pale kama kichwa kilichofunikwa. Kila ilipoingia mwilini, Atupele alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, na sista akakaa akiishika miguu yake kwa viganja vyote viwili, hata zamu yake ilipokwisha.

Wiki ya tatu ya dawa, kabla hakujapambazuka: kwachu, kwachu.

Nywele zilimsimama Sekela. Godoro lilikuwa la sponji. Hapakuwa na jani lolote mle wodini. Akapapasa gizani, akaligusa paji la uso la mtoto. Lilikuwa la baridi, na moyo wake ukasimama, mpaka aliposikia pumzi ikitoka, safi, bila kukoroma.

"Mume wetu alikuja kuaga," Atupele alisema.

"Amesemaje?"

"Zamu yangu ameimaliza, sasa ni yako. Anasema tangu uchukue majani yake hujafika hata kumpalilia kaburi." Mtoto akapiga miayo, akajifunika shuka. "Anaomba uende tena kumwona."