Gaju Hauzishwi

Kama muntu anakuambia kwamba Mukashema wa Karuba alitangaza ng'ombe yake kwenye Facebook ili aiuzishe, umuambie ameze mate kwanza. Mukashema njo mimi. Ng'ombe njo Gaju. Na ile habari ya kuuzisha, watu waliielewa wenyewe. Lakini sitajificha: makosa ilikuwa yangu, niliifanya asubui kweupe, tena na furaha.

Hapa kwetu tunatengeneza fromaji, wengine wanaiita jibini. Bwana yangu Munyakazi anakamua ng'ombe tano, mimi natia maziwa ndani ya sufuria kubwa, napasha, naweka dawa ya kugandisha, nakata, naminya na jiwe. Kisha maji ya chumvi, kisha etajere, zile mbao za kupangia. Pale kwenye etajere unageuza moja moja kila siku, kama mutoto muchanga ili asilalie upande moja. Miaka mingi nafanya hiyo kazi na sijaharibu fromaji hata moja. Sijisifu, naeleza tu.

Shida ilianza wakati muchuruzi wa Goma aliyekuwa anatukamatia fromaji yote na kutulipa alifunga duka na kuhamia mbali. Etajere ikaanza kujaa. Kumi, makumi mbili, mupaka makumi ine. Munyakazi si muntu wa maneno mingi. Siku moja alisimama mbele ya ile etajere, akakuna kichwa, akasema kama mbele ya Noeli fromaji haijaenda, hakuna maana ya kukamua ng'ombe tano. Tutauzisha moja, na ya kwanza itakuwa Gaju, juu njo iko na bei nzuri. Akasema vile, kisha akaomba chakula.

Chakula nilimupatia. Jibu sikumupatia, juu ningefungua kinywa siku ile, hata majirani wa ngambo wangesikia.

Inapashwa mujue Gaju ni nani. Mama yake ni ng'ombe baba yangu alinipatia nilipoolewa. Wakati tulikimbia vita, tulitembea na ule mama mupaka Sake, tukapita Sake, na vitu vingine vyote vilibakia njiani. Siku tulirudi Karuba tulikuta nyumba haina mabati, hata mulango walibeba. Ile wiki ya kwanza, pale kwenye majani nyuma ya nyumba, njo mama yake alimuzaa Gaju, mwekundu kabisa, na doa nyeupe kwenye uso. Mutoto yetu Natacha alikuwa na miaka kumi na mbili, amekonda mupaka unaweza kuhesabu mbavu. Maziwa ilirudi ndani ya nyumba juu ya Gaju. Sasa unaniambia niuzishe Gaju. Nauzisha nini pale? Nauzisha ile siku tulirudi?

Natacha sasa ni musichana mukubwa, alisoma marketing kule Goma. Aliposikia maneno ya baba yake, alifungua page kwenye Facebook, akaiita Fromaji ya Karuba. Aliweka foto ya fromaji na kisu, fromaji na sahani, fromaji na kisu na sahani. Aliandika uzito, bei na namba ya simu. Watu kumi na ine walipenda, na nane kati yao ni wajomba wake.

Kisha ikafika wiki yake ya kwenda Sake kurudilia nyimbo za Noeli pamoja na korali. Aliniachia telefone yake ya pili na maelezo mingi. Kila asubui nipande pale juu kwenye miti ya kaliptusi karibu na kanisa, juu rezo ya simu inapatikana pale tu. Niweke foto moja na maneno machache. Nijibu kila mukiliya haraka. Nikamuuliza niandike maneno gani, mimi si mwalimu.

"Mama, sema ya roho yako," akanijibu. "Watu wanasikiaka kama muntu anasema bila roho."

Haya. Siku ya kwanza nilipanda na fromaji moja ndani ya kitambaa, nikaipiga foto, nikakaa kwenye jiwe kuandika. Fromaji ni ya mviringo. Fromaji ni ya njano. Fromaji ni nzuri. Nikaishiwa. Nilikaa pale mupaka miguu ikakufa ganzi, roho yangu haina neno hata moja juu ya ile kitu. Nikaangalia chini ya kilima, nikamuona Gaju anakula majani, pole pole kama mama wa kanisa. Nikashuka, nikamupiga foto, nikapanda tena. Maneno ikaanza kutoka yenyewe.

Kwetu sisi wafugaji, ng'ombe ikitoka kwenda mahari, mwanaume mumoja anasimama mbele ya watu na kumusifia. Anataja mama yake, mwendo wake, pembe zake, maziwa yake, na watu wanaitikia. Ni kazi ya wanaume. Lakini baba yangu alikuwa fundi wa ile kazi, na mimi nilikuwa mutoto ya kusikiliza nyuma ya lupango ya ng'ombe. Basi nikaandika vile nilisikiaka kwake:

Gaju, binti ya ile iliyotembea na sisi. Mwenye mwendo usioharakishwa hata na mvua. Mwenye kujaza chombo na kubakiza ya jirani. Mulango gani itakuona, ikatae kufunguka?

Chini nikaongeza kwamba fromaji yetu inatoka kwake, na watu wapige simu.

Mbele nishuke kile kilima, watu mia tatu walikuwa wamependa. Kesho yake nikasifia pembe. Kesho kutwa nikasifia macho. Siku ya ine tulipita elfu moja, na salamu zilikuwa zinatoka Walikale, Rutshuru, hata Ubelgiji. Niseme kweli, kichwa ilivimba. Nilikuwa napanda kile kilima nikiimba. Ni kweli hakuna aliyeuliza fromaji, lakini nilijiambia bado wanajitayarisha. Wengine waliuliza Gaju iko wapi. Nikajibu haraka, vile Natacha alinifundisha: iko Karuba. Iko na miaka ngapi? Nane. Amezaa mara ngapi? Mara tano, na zote wazima. Mukiliya akiuliza, unajibu.

Pale njo makosa yenyewe. Kwetu hakuna muntu anasifia ng'ombe ya vile mbele ya umati bila sababu. Mwenye kujua desturi, akisikia habari ya mulango kufunguka, anaelewa neno moja tu: huyu ng'ombe anatafuta nyumba ya kuingia. Wiki nzima mimi nilifikiri natangaza fromaji, kumbe natangaza mahari.

Siku ya posho, ile ya mwisho wa wiki, jeep ikapanda kutoka Sake na kusimama kwetu. Wakashuka wazee wane, kofia, koti, fimbo, kila muntu na viatu vya kung'aa. Nyuma yao akashuka Natacha. Walimuuliza njia pale Sake, akapanda nao kuwaonyesha, na sasa alikuwa ameziba kinywa na mukono. Nikajua kuna jambo.

Mukubwa wao alikuwa Papa Bisengimana, muchuruzi wa maharagi, ambaye mutoto yake wa kwanza Ndayambaje alikuwa anaoa mbele ya Noeli. Akamusalimia bwana yangu salamu ya wenye ng'ombe, "Amashyo." Munyakazi akaitikia, "Amashongore." Wakakaa. Papa Bisengimana akatoa telefone yake na kusoma maneno yangu yote aliyokuwa ametunza ndani, kwa sauti, na heshima kubwa. Akasema amekuya juu ya Gaju, na juu ya bei hatabishana na muntu.

Munyakazi hana Facebook. Aliniangalia mimi, akaangalia ile telefone, na uso yake ikafunguka. Masikini, alifikiri nimekubali neno lake, tena nimemutafutia mununuzi mimi mwenyewe. Nilitamani ardhi inimeze na sufuria yangu.

Lakini mugeni ni mugeni, inapashwa apate maziwa kwanza. Nikaenda jikoni, na pale nikapata haya ya pili. Maziwa yote ya asubui ilikuwa imeganda ndani ya sufuria. Nyumba ya ng'ombe tano, na hakuna kikombe moja ya kuwapa wazee. Sikuwa na namna. Nikakata fromaji, nikaweka kwenye sahani pamoja na viazi vya moto, nikatoka nayo kichwa chini.

Papa Bisengimana aliiangalia sana. Alituambia kwamba kwao wazee wanasemaka fromaji ni maziwa iliyoharibika na kupewa umbo. Kwa adabu tu akakamata kipande kidogo. Akatafuna. Akaangalia inje. Akakamata kingine, kikubwa. Muzee aliyekaa karibu naye akavuta sahani upande wake bila kuomba ruhusa. Natacha akaleta fromaji ya pili, na hiyo pia ikaisha.

Kisha Papa Bisengimana akapangusa ndevu, akasimama. Akasema maneno ya mama ilikuwa mazuri, lakini desturi ni desturi, anataka mwenye ng'ombe amusifie na kinywa chake, ndipo wapatane. Tukatoka wote mupaka kwenye lupango. Munyakazi akakamata fimbo yake. Bwana yangu anaweza kukaa wiki moja bila kusema maneno kumi, lakini mbele ya ng'ombe njo maneno yake yote inatokeaka. Mimi nikashika mukono wa Natacha.

Akaanza, "Gaju, binti ya ile iliyotembea na sisi." Neno langu lile lile, alilisikia mara moja tu kwenye telefone ya mugeni. Akasifia pembe, wazee wakaitikia. Akasifia mwendo, wakaitikia. Akanyoosha fimbo juu na kusema, "Uliyezaliwa wakati nyumba haina mabati. Uliyerudishia mutoto yangu..."

Gaju alikuwa amesogea, anamulamba mukono, vile anafanyaka kila asubui akitafuta chumvi. Fimbo ikashuka. Tukangoja.

"Papa Bisengimana," akasema, na sauti yake haikuwa sawa, "unisamehe. Gaju hauzishwi."

Nililia. Nasema wazi, nililia kama mutoto, mbele ya wageni.

Papa Bisengimana alikasirika kidogo, na alikuwa na haki. Aliuliza amepanda ile barabara ya mashimo juu ya nini, kama bibi anasifia mbele ya watu elfu moja na bwana anakataa mbele ya watu wane. Pale njo nikapangusa macho na kusema yote. Nikamueleza juu ya muchuruzi wa Goma, etajere iliyojaa, page, na Natacha aliyeniambia niseme ya roho yangu. Nikamuambia roho yangu iliiruka fromaji na kwenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Alinisikiliza mupaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mupaka akashika mulango wa lupango asianguke, na wazee wengine wakamufuata.

"Mama Natacha," akaniambia, "ungenisifia ile kitu ya kwenye sahani, ningekuya na kamio, gari kubwa ya mizigo. Inabakia ngapi?"

Zilibakia makumi tatu na nane, juu mbili walikuwa nazo tumboni. Akakamata makumi mbili kwa karamu ya ndoa. Juu ya ng'ombe, Munyakazi aliwapeleka yeye mwenyewe kwa jirani yetu Habineza, ambaye kweli alikuwa anauzisha mutamba moja muzuri, ng'ombe musichana asiyezaa bado. Walisema pale bwana yangu alimusifia ule mutamba mupaka Habineza akaanza kusita kuuzisha.

Kumbe Natacha alikuwa amefilimu yote. Nilimukaripia, muntu hafilimu baba yake akishindwa na machozi. Halafu tukamuuliza baba mwenyewe, akainua mabega, akasema atende anavyotaka. Natacha akapanda kwenye kaliptusi, akaweka ile video kwenye page, na chini yake foto ya fromaji, na maneno machache: Gaju hauzishwi. Fromaji yake inauzishwa.

Ile wiki, kila tulipopanda kwenye kaliptusi, telefone haikupumzika. Dada ya Papa Bisengimana, anaitwa Naomie, ana restora kule Omate, Walikale, pale wachimbaji wanatokaka kwenye mashimo na njaa ya simba. Kaka yake alimutumia kipande cha fromaji, akapiga simu asubui ile ile kilipofika. Akakamata kumi na nane iliyobakia, na akaomba tumutumie zingine kila mwezi. Motari, kijana wa pikipiki, anazifunga na majani ya ndizi, na mara nyingi ni siku mbili za matope, lakini zinafika.

Siku ya kwanza ya wiki iliyofuata, nilipanda kwenye kaliptusi na telefone ya Natacha, kule nyumbani etajere haina kitu isipokuwa fromaji mpya, bado laini. Nikasikia hatua. Ni Munyakazi, na koti yake ya kanisa, na kitu ya mviringo chini ya koti. Akaniambia leo nisiandike kitu, nishike tu telefone, yeye atasema.

Akasimama wima. Akainua ile fromaji na mikono miwili, vile wanainuaka mutoto siku ya ubatizo, akakohoa kusafisha koo.

"Wewe wa mviringo," akaanza, "binti ya Gaju, mujukuu wa ile iliyotembea na sisi."

Nilicheka mupaka machozi. Akaninyooshea kidole ninyamaze, kazi ni kazi. Basi nikashika telefone na mikono yote miwili ili isitikisike, nikamuacha aseme yote.